Kifuko Kisichopasuliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto Aliyezaliwa na Ini Nje ya Tumbo

Mtoto wa kike alizaliwa kwa njia ya kawaida saa 11 alfajiri katika kituo cha afya cha kata moja ya ukanda wa miombo, magharibi ya Tanzania, akiwa na uzito wa kilo 2.8. Alilia mara moja, na mkunga alipokuwa akimkausha ndipo alipoona kwamba pale penye kitovu palitokeza kifuko cha mviringo chenye upana wa sentimita 10 hivi, kilichofunikwa na utando mwembamba unaong'aa kama ule ulio chini ya ganda la yai. Kupitia utando huo lilionekana ini, rangi yake ya damu ya mzee, na kando yake mikunjo kadhaa ya utumbo. Kamba ya kitovu haikutoka tumboni moja kwa moja bali ilichomoza juu ya kifuko chenyewe. Nilikuwa katika timu iliyompokea mtoto huyu siku hiyo hiyo katika hospitali ya rufaa, nikamfuatilia hadi alipotimiza miezi 14, na ninaandika kisa chake kwa kuacha majina na kubadilisha mambo machache ili familia isitambulike.

Hali hii huitwa omfaloseli. Kati ya wiki ya 6 na ya 10 ya mimba, utumbo wa kila mwanadamu hutoka nje ya tumbo na kukaa ndani ya kamba ya kitovu, kwa sababu hukua kwa kasi kuliko nafasi iliyopo, kisha hurudi ndani kufikia wiki ya 12 hivi na ukuta wa tumbo hujifunga. Kwa mtoto mwenye omfaloseli kurudi huko hakukukamilika, na ukuta ukabaki wazi. Viungo vilivyo nje, hata hivyo, havikuachwa uchi, kwani hufunikwa na utando wenye tabaka la ndani la peritonio (ngozi laini inayofunika viungo vya tumbo), ute wa kamba ya kitovu katikati, na tabaka la amnioni (utando wa mfuko wa maji ya uzazi) kwa nje. Tundu la ukuta likizidi sentimita 5 na ini likiwa ndani ya kifuko, wengi wetu huiita omfaloseli kubwa. Tundu la mtoto huyu lilikuwa na sentimita 7, na sehemu kubwa ya ini ilikuwa nje.

Ni muhimu kuitenganisha hali hii na nyingine ambayo watu wengi, wakiwemo watumishi wa afya, huichanganya nayo, yaani gastroskisisi. Katika gastroskisisi tundu ni dogo, kwa kawaida halifiki sentimita 4, liko kando ya kitovu, karibu kila mara upande wa kulia, na utumbo hutoka nje bila utando wowote. Kitovu chenyewe kiko mahali pake. Mama wa watoto hao mara nyingi ni wasichana walio chini ya miaka 20, ilhali omfaloseli huonekana zaidi kwa kina mama wenye umri mkubwa; mama wa mtoto huyu alikuwa na miaka 38 na hii ilikuwa mimba yake ya tano. Tofauti hizi zinaweza kuonekana kama maswali ya mtihani wa chuoni, lakini ndizo zilizoamua kila kitu kilichofuata, maana mtoto wa gastroskisisi ana saa chache tu za kuokolewa utumbo wake, na mtoto wa omfaloseli ambaye kifuko chake ni kizima amezaliwa na kifuniko chake mwenyewe.

Mama huyu alihudhuria kliniki mara nne na kadi yake ilijazwa vizuri. Wiki ya 22 alilipia kipimo cha ultrasaundi katika duka moja la vipimo mjini, akapewa karatasi yenye mistari mitatu: mtoto mmoja, mapigo ya moyo yapo, jinsia ya kike. Kwa ukubwa ule wa kifuko, katika wiki ile, mtu anayejua kuangalia tumbo la mtoto angekiona. Sisemi hivi kwa kumlaumu mpimaji, ambaye aliulizwa jinsia na akaijibu. Ninasema kwa sababu swali ambalo mama huenda nalo kwenye kipimo, na ambalo sisi wa kliniki tulipaswa kumwandikia kwenye fomu, ndilo linaloamua jicho la mpimaji litasimama wapi. Kama ingejulikana mapema, mama angeelekezwa kujifungulia hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, na safari tutakayoieleza isingekuwepo. Njia ya kujifungua isingebadilika sana, kwa kuwa watoto wengi wa hali hizi wanaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida, ingawa kwa omfaloseli yenye ini kubwa nje madaktari wengi hupendelea upasuaji wa uzazi wakihofia kifuko kupasuka au ini kuumia. Hapa bahati ilikuwa upande wa mtoto.

Mkunga alifanya mambo mawili ambayo yalimwokoa mtoto huyu kabla sisi hatujamwona. La kwanza, aliibana kamba ya kitovu mbali, kiasi cha upana wa vidole vinne juu ya kifuko, wala hakujaribu kuifunga karibu na tumbo kama alivyozoea. Katika omfaloseli ndogo, ile inayofanana tu na kitovu kinene, kibano kikiwekwa karibu na ngozi huweza kuuma utumbo ulio ndani, na jambo hilo hugunduliwa siku ya tatu mtoto anapotapika nyongo na tumbo kuvimba. La pili, hakujaribu kukisukuma kifuko kirudi ndani. Mama mkwe wa mzazi, aliyekuwa chumbani, alimwomba akisukume "kabla hakijakauka", na mkunga akakataa kwa heshima. Alikifunika kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya dripu, akazungusha juu yake mfuko safi wa plastiki, akamlaza mtoto ubavu ili uzito wa kifuko usivute mishipa inayopita kwenye tundu, kisha akapiga simu.

Gari la wagonjwa lilikuwa wilaya nyingine likimpeleka mgonjwa. Lilifika saa 5 asubuhi, na barabara ilikuwa ya vumbi kwa zaidi ya nusu ya njia. Mtoto alitufikia saa 8 mchana, saa tisa baada ya kuzaliwa, akiwa na jotomwili la nyuzi 35.1 na sukari ya damu milimoli 1.9 kwa lita. Alikuwa mlegevu, analia kwa sauti ndogo. Shashi ilikuwa baridi kabisa. Hapa pana kosa ambalo si la mkunga bali la mafunzo tunayoyatoa wenyewe: tunafundisha kwamba viungo vilivyo nje vifunikwe kwa shashi yenye maji ya chumvi, na tunasahau kufundisha kwamba shashi yenye maji, ikikaa saa kadhaa bila kubadilishwa kwenye mwili wa mtoto mchanga, humpoza kama kitambaa kinavyopoza paji la mwenye homa. Maji ya chumvi yawe ya uvuguvugu, plastiki isiache upenyo, na kama safari ni ndefu, basi shashi kavu isiyonata pamoja na plastiki juu yake inatosha kabisa kwa omfaloseli nzima. Zaidi ya hapo mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa ameelekezwa upande ili kifuko kisibanwe. Mtoto huyu alisafiri amefungwa kanga mbili kwenye mikono ya bibi kwa sababu mama alikuwa bado amelala na dripu.

Nusu saa ya kwanza wodini haikuwa na upasuaji wowote. Tulitoa shashi mbichi, tukaweka kavu, tukamweka kwenye kitanda chenye joto, tukapata mshipa mkononi na kumpa mililita 6 za glukosi ya asilimia 10 taratibu, kisha dripu ya glukosi ya kuendelea. Sukari ilipanda hadi 3.6. Mpira mwembamba ulipitishwa mdomoni hadi tumboni ili kutoa hewa na ute, maana utumbo uliojaa hewa huongeza mvuto kwenye kifuko. Alipewa vitamini K kwa sindano kwa kuwa kadi haikuonyesha kwamba aliipata, na viuavijasumu viwili, ampisilini na jentamaisini. Alipumua mara 62 kwa dakika, na kipimo cha oksijeni kilisoma asilimia 91, kwa hiyo akawekewa oksijeni ya puani.

Saa 11 jioni ndipo lilipozuka bishano lililo kiini cha kisa hiki. Daktari aliyekuwa mafunzoni, kijana makini, alikuwa ameshampigia mtaalamu wa usingizi na kuomba chumba cha upasuaji. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: tundu liko wazi, viungo viko nje, utando ni mwembamba, kila saa inayopita vijidudu vinaongezeka, basi turudishe na tufunge. Daktari bingwa alimwomba aweke kiganja chake kwenye tumbo la mtoto, chini ya kifuko, halafu kwenye kifuko chenyewe, na aseme kipi ni kikubwa. Tumbo la mtoto mwenye omfaloseli kubwa halijawahi kubeba ini lake. Limekua tupu, kama chumba ambacho hakijapata kuingizwa samani, na kwa hiyo ni dogo. Ini na utumbo vikisukumwa humo kwa nguvu siku ya kwanza na ngozi ikashonwa juu yake, shinikizo hupanda. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni hubanwa, figo hukosa damu na mkojo hukatika, utumbo hukosa damu na kuoza, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo husukumwa juu na mapafu hushindwa kutanuka. Tena mapafu ya watoto hawa mara nyingi ni madogo tangu tumboni. Mtoto ambaye tayari anahitaji oksijeni akiwa amelala kimya angehitaji mashine ya kupumulia kwa siku nyingi baada ya upasuaji kama huo, na mashine ya watoto wachanga tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, yenye mtoto juu yake.

Iko njia ya katikati, nayo ni kushona mfuko wa silikoni kwenye kingo za tundu na kuukaza kidogo kidogo kila siku hadi viungo virudi. Katika gastroskisisi mfuko wa namna hiyo ni mkombozi, hasa ule wenye pete ya chemchemi ambao huweza kuvalishwa kitandani bila usingizi mzito. Katika omfaloseli kubwa, kuuweka mfuko huo humaanisha kwanza kukiondoa au kukitoboa kifuko ambacho hakina tatizo, kisha kuning'iniza ini kwenye nyuzi zilizoshonwa kwenye misuli laini kama maini yenyewe. Nyuzi hukata, uambukizo huingia, na mwisho mtoto hubaki na tundu lile lile, safari hii bila utando.

Uamuzi ulikuwa kutopasua. Katika lugha ya wodini tunasema kupaka na kusubiri: kifuko kinapakwa dawa kila siku hadi kikauke na kuwa gamba gumu, chini ya gamba hilo tishu nyekundu huota, na ngozi hutambaa kutoka kingoni hadi ifunike kilele. Huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Mwishoni mtoto hubaki na ngiri kubwa iliyofunikwa na ngozi yake mwenyewe, ambayo hufungwa baadaye akiwa na tumbo lililokua. Kijana wetu alikubali, lakini aliuliza swali ambalo nalikumbuka: familia itaelewaje kwamba tumewaleta umbali wote huo ili tusifanye kitu?

Naomba nieleze kwa nini swali la muda lina uzito tofauti kabisa katika gastroskisisi, kwa sababu msomaji anaweza kuondoka hapa akidhani kusubiri ni kanuni ya kasoro zote za ukuta wa tumbo. Utumbo ulio uchi hupoteza maji na joto kwa kasi ya kutisha, huvimba, na tundu dogo huweza kuukaba shingo. Baada ya kurudishwa huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na muda wote huo mtoto hulishwa kupitia mishipa. Pale ambapo lishe hiyo, wodi maalumu na mifuko ya silikoni hupatikana, karibu watoto wote hupona. Utafiti wa kimataifa uliohusisha nchi 74 na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba vifo vya gastroskisisi vilikuwa asilimia 1.4 katika nchi zenye kipato cha juu, karibu asilimia 32 katika nchi za kipato cha kati, na asilimia 90 katika nchi za kipato cha chini. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilipohesabu watoto wake 42 wa mwaka 2014, asilimia 98 walikuwa wamefariki. Kwa mtoto wa aina hiyo, saa tisa zilizopotea kabla hajatufikia pengine zingekuwa ndizo maisha yake yote. Mtoto wetu aliweza kuzimeza kwa sababu ya utando mmoja.

Hatari ya omfaloseli hujificha kwingine. Zaidi ya nusu ya watoto hawa wana kasoro nyingine, hasa za moyo, na baadhi wana matatizo ya kromosomu kama trisomia 13 na 18, yaani kuwa na kromosomu moja ya ziada, ambayo hubadilisha kabisa mazungumzo na wazazi. Tulimkagua kuanzia utosi hadi nyayo. Vidole vyake havikukunjamana, mdomo haukupasuka, masikio yalikaa mahali pake, njia ya haja kubwa ilikuwa wazi. Ulimi haukuwa mkubwa, na hapo tulipumua kidogo, maana ulimi mkubwa pamoja na omfaloseli na sukari inayoshuka ni dalili za ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann, ambao huhitaji kufuatiliwa kwa miaka kwa ajili ya uvimbe wa figo na ini. Sukari yake tuliipima kila baada ya saa tatu kwa siku tatu, haikushuka tena, na tukaridhika kwamba ilishushwa na baridi na njaa. Siku ya nne picha ya moyo ilionyesha tundu dogo kati ya vyumba viwili vya chini, la aina inayoweza kujifunga yenyewe. Kipimo cha kromosomu hakikufanyika. Sampuli ingepaswa kupelekwa mbali kwa gharama ya familia, na majibu yasingebadilisha tiba ya mtoto asiye na dalili yoyote. Wapo watakaotofautiana nasi hapo.

Sasa, kupaka nini? Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililotuchukulia muda mrefu kuliko mengine yote. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 dawa iliyotumika ilikuwa merkurokromu, ile nyekundu ambayo wazee wetu walipakwa magotini, hadi ilipobainika kwamba zebaki iliyomo hupenya utando na kuwasumisha watoto. Povidoni ayodini hukausha vizuri sana na iko kila wodi, ila ayodini nayo hupenya na kuizimisha tezi ya shingo ya mtoto mchanga katika majuma ambayo ubongo unaitegemea zaidi. Anayeitumia anapaswa kupima homoni za tezi, na kipimo hicho kwetu wakati ule hakikupatikana kwa uhakika. Krimu ya silva sulfadaizini, tunayoitumia kwa majeraha ya moto, ni laini na huua vijidudu vingi, lakini ina salfa, na salfa huing'oa bilirubini, ile rangi ya njano ya damu iletayo umanjano, kwenye protini za damu na kuiacha huru kuingia ubongoni, ndiyo maana kijikaratasi cha dawa hiyo hukataza kwa watoto walio chini ya miezi miwili. Siku ya tatu mtoto wetu alikuwa na umanjano na akawekwa chini ya taa ya bluu kwa siku mbili. Kwa hiyo siku 12 za mwanzo tulitumia shashi ya mafuta ya parafini peke yake, inayobadilishwa kwa mikono yenye glovu safi, na umanjano ulipokwisha na bilirubini kushuka ndipo tukaanza silva sulfadaizini kwa tabaka jembamba, mara moja kwa siku, tukijua kwamba bado tuko nje ya kile kinachoruhusiwa na kijikaratasi na tukiwa tumemweleza mama hivyo.

Katika siku hizo ndipo bibi mzaa baba alipokuja na chupa. Alitoa salamu, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, wanangu, kisha akaiweka chupa mezani kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Ilikuwa asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu inayovunwa kwenye mashina ya miti na ambayo ukanda mzima ule huitambua kama dawa. Alisema vidonda vyote vya nyumbani kwake vimepona kwa asali hiyo, na kwamba aliona tunampaka mjukuu wake mafuta tu. Ukweli ni kwamba bibi hakuwa mbali na vitabu: asali imetumika na kuchunguzwa kwa omfaloseli kubwa, na matokeo yake si mabaya. Lakini asali hiyo husafishwa kwa mionzi inayoua mbegu za bakteria wa botulismu, ugonjwa wa kupooza, ambazo huweza kuwemo katika asali yoyote mbichi, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hana kinga dhidi yake. Tulimweleza hivyo kwa maneno ya nyumbani, kwamba ndani ya asali kuna mbegu ambayo mtu mzima huisaga na mtoto mchanga humwotea. Aliuliza kama itachemshwa. Tukasema kuchemsha hakuziui. Akafikiri, akasema basi asali ataila mama ili maziwa yaje, na hilo halikuwa na pingamizi. Tangu siku hiyo bibi ndiye aliyekuwa mlinzi mkali kuliko wote wa masharti ya kunawa mikono kabla ya kumshika mtoto.

Siku ya 16 tulikaribia kupoteza tulichokilinda. Asubuhi hiyo shashi ilikuwa imekauka na kunata ukingoni mwa kifuko, aliyeibadilisha alikuwa na watoto 20 wengine wa kuhudumia, na akaivuta bila kuilowesha. Utando ulichanika kwa sentimita moja upande wa kushoto. Kilichoonekana chini yake kilikuwa ini, si utumbo, na hakuna kiungo kilichotokeza, kwa hiyo daktari bingwa aliuziba mpasuko kitandani kwa nyuzi tatu nyembamba zinazoyeyuka, mtoto akinyonya kidole kilichochovywa sukari. Viuavijasumu vilianzishwa upya kwa siku saba. Kama mpasuko ungekuwa mkubwa na kushindikana kuzibwa, hoja zote za kusubiri zingeporomoka na tungelazimika kuingia chumba cha upasuaji katika hali mbaya kuliko ile ya siku ya kwanza. Baada ya hapo karatasi ilibandikwa juu ya kitanda kwa maandishi makubwa: LOWESHA KWANZA. Na jukumu la kubadilisha shashi lilihamia kwa watu wawili tu, muuguzi mmoja na mama mwenyewe.

Lishe haikuleta shida kubwa, na hapo ndipo faida ya kutopasua ilipoonekana waziwazi. Choo cha kwanza cheusi kilitoka ndani ya saa 24, maji ya mpira wa tumboni yalikuwa safi bila nyongo, na siku ya pili tulianza mililita 5 za maziwa ya mama yaliyokamuliwa kila baada ya saa tatu. Siku ya sita alinyonya titi. Oksijeni iliondolewa siku ya tisa. Mtoto ambaye utumbo wake haujaguswa hahitaji lishe ya mishipa, kitu ambacho hatukuwa nacho, na nafikiri sababu hiyo peke yake ingetosha kuamua kisa hiki kwenye hospitali nyingi za mikoa yetu.

Kifuko kilipokuwa gamba gumu, wiki ya nne, tulianza kukizungushia bendeji inayovutika, kwa mkazo mdogo unaoongezwa kila siku chache. Lengo si kukikandamiza bali kulikumbusha ini njia ya kurudi, huku tumbo likipanuka polepole. Mama alifundishwa alama nne za kulegeza bendeji mara moja: kupumua kwa kasi, kutapika, miguu kuvimba au kubadilika rangi, na nepi kavu kwa zaidi ya saa sita. Alijifunza kwa kufanya mbele yetu kwa siku kumi mfululizo, na siku aliyotukosoa kwamba tumekaza upande mmoja kuliko mwingine ndiyo siku tuliyoamua kwamba anaweza kwenda nyumbani. Aliondoka siku ya 38, mtoto akiwa na kilo 3.5, na akiba ya krimu, shashi na bendeji za mwezi mmoja. Matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 hayalipiwi kwa mujibu wa sera, lakini shashi zilipokwisha kwenye duka la dawa la hospitali, familia ndiyo iliyonunua, na nauli ya kuja kliniki kila wiki mbili ilizidi bei ya dawa zote kwa pamoja. Tulikubaliana aje mara moja kwa mwezi na katikati atume picha za kifuko kwa simu ya baba, jambo ambalo lilifanya kazi vizuri kuliko tulivyotarajia, isipokuwa picha zilizopigwa usiku kwa mwanga wa tochi, ambapo kila kitu huonekana kuwa na usaha.

Katika wiki ya 13 ngozi ilikutana kileleni na kuacha kovu dogo lenye umbo la nyota. Akiwa na miezi 6 alikaa, akiwa na miezi 9 tundu la moyo halikuonekana tena kwenye picha. Bibi alimshonea mkanda mpana wa kitambaa cha pamba wenye vifungo vinne, ambao kwa kweli uliushinda ubora wa bendeji zetu kwa kuwa haukuteleza, na tulichofanya ni kuhakikisha tu kwamba vifungo havibani mbavu.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na miezi 14 na kilo 9, akitembea kwa kushika benchi za kliniki. Ngiri ilikuwa na upana wa sentimita 6 msingini. Akilala chali, utumbo huingia ndani wenyewe, ila sehemu ya ini bado hukaa nje, na kingo za misuli hazisogeleani bila kumfanya apumue kwa shida. Daktari bingwa alipima, akaandika, akaahirisha. Kufunga kutahitaji ama kuitenganisha misuli ya pembeni ili ifike katikati, ama kuweka wavu, na wavu kwa mtoto anayekua una matatizo yake, hivyo kila sentimita tumbo linayoongeza lenyewe ni sentimita ambayo kisu hakitahitaji kuitafuta. Mama aliuliza kama anaweza kumbeba mgongoni kwa kanga, kwa kuwa kwa miezi 14 amembeba ubavuni na nyonga inamuuma. Tulimwambia ambebe, kifuko kikiwa kimefungwa mkanda na kanga ipite juu na chini yake, na akajaribu pale pale mbele yetu kabla ya kuchukua tarehe ya kurudi baada ya miezi minne.